Mafiga ya Nyumba ya Handaki

Baba yangu alirithi gofu. Watu wengine wa Kaole walirithi minazi, au mashamba ya mpunga ya upande wa Zinga, yeye akarithi kuta nne zilizobomoka, mlango usio na ubao, na handaki lililoizunguka nyumba hiyo pande zote, pana kiasi kwamba mtu mzima hawezi kuliruka. Bamvua likija, maji ya bahari yalipenya mikokoni yakalijaza, na nyumba ikabaki katikati kama sahani ndani ya beseni. Yakitoka, yaliacha tope jeusi na kaa. Pa kupitia palikuwa mahali pamoja tu, tuta la udongo mbele ya mlango.

Wazee walisema waliojenga ni Wadebuli, wageni waliotoka ng'ambo ya bahari zamani sana, na kwamba walichimba handaki kwa sababu ya woga. Walimwogopa nani, hakuna aliyejua. Nilipokuwa mdogo swali hilo lilinisumbua. Nilijiuliza, watu wenye kuta nene kama zile waliogopa kitu cha namna gani?

Baba ndiye aliyekuwa mlinzi wa pale, kama baba yake na babu yake. Kila mwaka kabla ya kupanda mpunga alifyeka majani ndani ya handaki na nje yake, akafukiza ubani katika chetezo cha shaba alichoachiwa, akasoma dua, akaondoka. Hakupenda watu waseme kwamba anaabudu mawe. "Namwabudu Mungu," alisema, "mawe nayatunza tu. Wenyewe hawakuiuza nyumba yao wala hawakumpa mtu." Sharti lilikuwa moja. Jiwe likianguka liachwe pale pale lilipoangukia, lisibebwe, lisijengewe kitu kingine. Kulikuwa na mawe yaliyozama nusu ardhini tangu enzi za babu, na baba aliyajua yote kama mtu anavyowajua kuku wake.

Mama yangu alifariki nikiwa sijaota meno ya pili, kwa hiyo baba alikuwa akinichukua huko kazini kwake. Nilifagia. Nikichoka alinichorea herufi mchangani, ndiyo maana leo naweza kuandika haya, mambo ambayo wanawake wengi wa rika langu hawakuyapata. Na nilipochoka na herufi pia, nilikuwa na mchezo wangu mwenyewe mlangoni. Chini ya miimo ya ule mlango, kulia na kushoto, palikuwa na mawe magumu, si matumbawe, ya rangi ya kijivu, yamechongwa ukingo mwembamba mfano wa kamba iliyosokotwa. Niliifuata kamba hiyo kwa kidole, kutoka jiwe hadi jiwe, mpaka ilipoishia. Niliijua kwa kidole hata nikifumba macho.

Nasema hivi mapema ili mtu asije akanitetea baadaye kwamba sikujua.

Niliolewa Bagamoyo, kwenye ncha ya mji upande huu wa kwetu, na fundi mwashi. Mume wangu alikuwa mtu wa maneno mengi na mikono mizuri. Alinitania tangu siku ya kwanza. "Mke wangu ni binti wa tajiri," aliwaambia wenzake, "mahari nimepunguziwa kwa sababu babake ana jumba la mawe." Baba alipokuja kula kwetu kila Ijumaa baada ya sala, mume wangu alimwinamia kwa adabu zote, shikamoo baba, karibu baba, halafu baba akishaondoka, yeye alisema Wadebuli wamekwisha kufa, nyumba ya nini? Nilicheka. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nilikuwa na nyumba yangu, na nilidhani kumcheka baba ni dalili ya utu uzima.

Mwaka ule mji ulikuwa umeingiwa na hofu. Wageni walikuwa wamekuja na meli wakitaka kutweka bendera yao juu ya ile ya Sultani, na bara kulikuwa na watu wanakusanyana na bunduki. Kila siku ilikuwa na uvumi wake. Misafara ilipungua, wapagazi walikaa bure wakigombana, na wenye mali walianza kuzitazama kuta zao. Tajiri mmoja Mwarabu, jirani ya soko, akamwita mume wangu akamwambia anataka ukuta kuzunguka nyumba yake yote, urefu wa mtu na nusu, na uwe umekwisha kabla mwezi wa pili haujaandama. Hakumwomba. Alimwambia huku watu wake wawili wamesimama mlangoni.

Hapa lazima nieleze kidogo kazi ya waashi wa pwani. Jiwe likikatwa baharini ni laini, lina chumvi. Halijengewi hapo hapo. Hulazwa nje lipigwe na mvua masika nzima, chumvi itoke, ndipo lishike chokaa. Ukilijengea likiwa bichi, chumvi hula lipu, na ukuta unaanza kupukutika kabla fundi hajamaliza kula fedha yake. Mume wangu hakuwa na masika nzima. Alikuwa na miezi miwili, na mawe makavu yaliyonyeshewa na mvua za mamia ya miaka yalikuwa yamekaa Kaole, mwendo mfupi tu kwa punda.

Hakuniambia. Alitoka alfajiri, kabla baba hajamaliza uradi wake, na punda wawili wa tajiri, na akawa anarudi jua linapochomoza. Nilimuuliza mawe anapata wapi, akasema kuna tanuu la zamani la chokaa limeachwa msituni. Nikaridhika, au nikajifanya nimeridhika. Siku moja akaniletea zawadi.

Yalikuwa mawe matatu, kila moja ukubwa wa dafu kubwa, yamenyooka juu na chini. "Mafiga ya bibi," akasema. Mafiga yangu yalikuwa ya udongo, yalikuwa yakipasuka na kuchezacheza, na wiki ile chungu kilikuwa kimepinduka na wali wote ukamwagika majivuni. Nilifurahi sana. Nikayaosha kwa maji na kumbi la nazi, na nilipokuwa nasugua la pili, kidole changu kikaingia kwenye kamba iliyosokotwa.

Niliketi pale uani na jiwe mapajani. Sikumwita mume wangu. Sikulia. Nilifikiri kwamba chungu kitakaa vizuri. Wallahi, hilo ndilo nililofikiri. Nikayapanga mawe yale, upande wa mchongo nikauelekeza ndani kwenye moto ili usionekane, nikabandika wali.

Ijumaa ile baba alikuja. Alikula barazani, kama wanaume walavyo, uani hakufika. Nilimpakulia wali wa nazi na mchuzi wa papa, akasema leo wali umeiva sawasawa, haukuungua chini. Nikasema alhamdulillahi, baba. Alikuja na Ijumaa iliyofuata, na nyingine, na nyingine.

Kisha mlango wa nyumba ya handaki ukaanguka. Mwashi akiondoa mawe ya chini ya miimo anajua kitakachotokea juu yake, lakini huenda alidhani utashika kwa mazoea. Ulianguka wote, tao na yote, na kishindo kilisikika mpaka kwa wakulima. Baba, ambaye msimu wake wa kufyeka ulikuwa bado, alikwenda, akaona mapengo, akaona alama za kwato juu ya tuta. Watu waliniambia aliketi chini akashika kichwa. Hadi siku ile yeye alikuwa akiamini kwamba kila mtu wa pwani anaiogopa nyumba ile kama anavyoiheshimu yeye.

Wazee wa Kaole hawakuketi chini. Walikasirika, na zaidi ya hasira waliogopa, kwa sababu wakati mbaya kama ule nani anathubutu kuchokoza mahali pa kale? Wakamwambia baba lazima isomwe halbadiri.

Msomaji wa leo huenda anaijua halbadiri kwa kuisikia tu. Sisi tuliiogopa kuliko mizinga. Ukiibiwa, na mwizi hajulikani, wasomaji wanakaa msikitini wanaomba kwa majina ya mashahidi wa Badri, na mwizi popote alipo inampata. Tumbo linavimba, akili inaruka, au anakufa tu huku anazungumza na wenzake. Na ikishasomwa hairudishwi. Hata aliyeomba isomwe hawezi kuiita irudi. Baba hakuwahi kuiomba maisha yake yote, alisema ni kisu kisicho na mpini. Safari hii alikubali.

Desturi ni kutangaza kwanza. Jumatatu mpiga mbiu alipita na pembe yake mpaka mtaani kwetu. Nilikuwa natwanga. Nakumbuka maneno yake yote.

"Mnaosikia waambieni wasiosikia! Mawe ya nyumba ya handaki yamechukuliwa. Aliyechukua arudishe yote, hakuna atakayemuuliza. Ijumaa baada ya alasiri kitabu kinafunguliwa. Kitamtafuta aliyechukua, na aliyemtuma, na aliyepokea, na aliyekula kilichotokana nayo!"

Mchi ulinitoka mkononi. Aliyechukua ni mume wangu. Aliyepokea ni mimi. Na aliyekula? Nilikuwa na mimba ya miezi sita. Na baba, aliyeomba kitabu kifunguliwe, alikuwa amekula kwenye chungu kile Ijumaa nne mfululizo.

Mume wangu alirudi mchana ule amebadilika rangi. Alikuwa ameisikia mbiu akiwa juu ya ukuta wa tajiri. "Yamekwisha kujengewa," aliniambia, "yote yamo ukutani, nitayatoaje? Nikigusa jiwe moja yule bwana ataniua." Akajilaza. Kufika jioni alisema tumbo linamuuma. Mtu yule yule aliyekuwa akisema Wadebuli wamekwisha kufa aliniambia niweke mkono nimpapase, nione kama limevimba. Lilikuwa tumbo lake lile lile. Lakini sikuweza kumwapia.

Nikaenda kwa mkunga. Sikumweleza kisa, nilizungukazunguka. Nilimuuliza, bibi, hivi halbadiri inampata na mtoto aliye tumboni?

Alinitazama usoni, halafu akanitazama tumbo.

"Mtoto hula anachokula mama yake," akasema. "Kwa nini waniuliza, mwanangu?"

"Nimeulizwa tu na jirani."

"Basi mwambie huyo jirani arudishe alichochukua."

Siku tatu zilikuwa zimebaki. Mawe ya ukutani sikuwa na uwezo nayo, lakini mafiga yalikuwa yangu. Jumanne, jua la utosi, saa ambayo watu wote wamejifungia ndani, nililisugua figa la kwanza kwa mchanga na majivu, nikasugua mpaka vidole vikachubuka. Masizi hayakutoka. Yalikuwa yameingia ndani ya jiwe, ndani ya ile kamba iliyosokotwa, kila kishimo kimekuwa cheusi. Nikalifunga katika shuka ya kaniki, nikaweka kata ya nguo kichwani, nikalitweka, nikaenda Kaole kama mtu anayepeleka unga kwao.

Sikupita kwenye tuta, niliogopa kuonekana. Nilizunguka nyuma, nikashuka handakini. Zilikuwa siku za maji mafu, bahari haipandi mpaka pale, kwa hiyo handakini ni tope tu lililonifika magotini. Kila nikiinua mguu lilinivuta. Katikati nilisimama, mtoto akacheza tumboni, na woga ulionishika pale sijawahi kuupata tena, hata siku za vita. Nilihisi kwamba handaki linajua nimebeba nini. Nilipanda upande wa pili kwa magoti, nikaliweka jiwe pembeni mwa ukuta wa ndani, kwa sababu mlangoni palikuwa na kifusi, nikakimbia kwa namna ambayo mwanamke wa miezi sita anaweza kukimbia.

Jumatano nikapeleka la pili. Alhamisi la tatu.

Siku hiyo ya Alhamisi nilipopanda kutoka handakini, tope mpaka mapajani, jiwe kichwani, baba alikuwa ameketi pale pembeni mwa ukuta. Mawe yangu mawili yalikuwa mbele yake. Alikuwa ameyaona, masizi na yote, na alikuwa anamsubiri mwenye la tatu, kwa sababu kila mtu anajua mafiga ni matatu.

Sikuweza kurudi nyuma wala kulitua. Nikasema jambo pekee lililonijia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, na hilo liliniogopesha zaidi.

Alisimama akanitua. Akalichukua jiwe, akaligeuza, akapitisha kidole kwenye mchongo, kidole kikatoka cheusi. Akakinusa.

"Kila Ijumaa," akasema, "nimekuwa nikikusifia wali."

"Ndiyo, baba."

"Ulijua mawe haya yametoka wapi?"

Nilifungua mdomo. Mbele yangu palikuwa na mchanga ule ule alionichorea herufi. "Nilijua, baba," nikasema. "Nililijua kwa kidole."

Kaa walikuwa wanagonga magamba yao chini handakini. Kisha akauliza mimba ina miezi mingapi. Nikamwambia. Akapiga magoti, akayapanga mafiga matatu pembeni mwa ukuta, upande wenye masizi akaugeuzia ndani, mpaka yakaonekana kama mawe mengine tu. Akapangusa mikono.

"Nenda nyumbani ukaoge miguu," akasema. "Kesho njoo kwa mama mkubwa wako, ukae na wanawake."

Hakuniambia atafanya nini. Nilirudi nikijua mambo mawili tu. Baba yangu hajapata kusema uongo. Na halbadiri haimwangalii mtu kwamba ni mkwe wa nani.

Ijumaa nilimwacha mume wangu kitandani amekumbatia tumbo. Nyumba ya mama mkubwa, dada yake mama, ilikuwa inapakana na uwanja wa msikiti wa Kaole, na dirisha la chumba cha nyuma lilikuwa linasikia kila kitu. Tulikuwa wanawake sita au saba mkekani. Wengine walileta tasbihi. Mama mkubwa alinishika mkono, akasema mbona una baridi, nikasema ni hali yangu hii ya mimba.

Waliposali alasiri, tulisikia watu wakijipanga, kitabu kikitolewa mkobani. Jumbe, mzee wa mji, akasema, "Mwenye kushtaki aanze."

"Mwenye kushtaki," akasema tena.

"Sishtaki," ilisema sauti ya baba.

Wakaguna. Jumbe akamuuliza ana maana gani, mbiu imepigwa, watu wamekuja kutoka mpaka Zinga.

"Siwezi kuomba kitabu kifunguliwe," baba akasema. "Nimekula. Mawe matatu ya mlango yalifanywa mafiga, na mimi nimekula wali uliopikwa juu yake. Si mara moja. Nilikula nikashiba. Mkifungua, kitaanza na mimi."

Mama mkubwa aliuachia mkono wangu. Nadhani alielewa pale pale, kwa sababu baba alikuwa hali popote ila kwangu. Hakunitazama, wala hajawahi kuniuliza mpaka anaingia kaburini.

"Ulikula kwa nani?" mtu akauliza.

"Sisemi."

Ghasia ilizuka. Mmoja alisema kifunguliwe tu, mwenye hatia atajulikana. Mwingine alisema haisomwi dhidi ya aliyeiomba. Nilisikia kurasa zikifunuliwa, kweli nilizisikia, nikashika tumbo langu kwa mikono miwili kana kwamba ningeweza kuliziba masikio. Ndipo jumbe akawanyamazisha. Alikuwa mtu mwenye busara na alikuwa anampenda baba, na akampa njia.

"Sikiliza," akamwambia. "Aliyekula bila kujua hana lawama, kitabu kinamruka. Sema tu hukujua, tusome, mambo yaishe. Ulijua, au hukujua?"

Njia ilikuwa wazi kabisa. Ilikuwa hata ni kweli. Baba angesema neno moja la kweli, yeye angetoka safi, na kitabu kingefunguliwa kikamtafuta mume wangu kitandani kwake, na mimi mkekani, na aliye tumboni mwangu. Nilikuwa nasubiri neno hilo. Nilikuwa namjua baba yangu.

"Nilijua," akasema.

Ndani ya msikiti, kitabu mbele yake, baada ya sala.

Kitabu kikafungwa. Sikuona, nilisikia. Halafu jumbe akasema, polepole, kwamba mlinzi aliyekula anacholinda si mlinzi, alete chetezo, na asivuke tena handaki lile maisha yake yote. Baba akasema nimesikia. Watu waliotoka walimpita bila kumpa mkono. Nilimwona kupitia dirisha akitafuta viatu vyake, akivaa kimoja, akikikosa kingine, na hakuna aliyemsaidia.

Mume wangu alipona tumbo jioni ile ile. Nilipomweleza alilia, na tangu hapo sijamsikia akimtania mtu kuhusu mawe. Ukuta wa tajiri ulikwisha kwa wakati. Haukukaa. Manowari zilipoupiga mji tulikuwa tumekimbilia kijiji cha Fukayosi, huko bara, na vyungu vyetu, na tuliporudi tulikuta mizinga imeutawanya, mawe ya Kaole yamelala barabarani pamoja na mengine, na hakuna aliyeweza kuyatenganisha. Nilijifungulia huko huko Fukayosi, mtoto wa kike. Kabla sijamtazama uso nilimtazama tumbo. Mkunga wa Kikwere alinishangaa, akasema kwa lugha yao jambo ambalo sikulielewa, akamfunika.

Chetezo alipewa mtu mwingine. Alikuwa mtu mzuri lakini mwepesi, na vita vilipokuja kila mwenye haja ya jiwe alikwenda kumwona. Hawa walitaka la boma, wale la kisima, wengine la kuchomea chokaa. Baba hakuvuka. Alisimama ng'ambo ya handaki na mundu wake, akifyeka majani ya upande wa nje tu, huku anatazama kuta zikipungua kimo. Nilimwomba mara moja aniruhusu niwaambie wazee ukweli. Akasema, "Una mtoto wa kulea." Tulikuwa tumesimama juani, akaendelea kufyeka.

Alifariki miaka michache baadaye, kitandani, mbele yangu. Tumbo lake lilikuwa limevimba. Mkunga wetu aliniambia wazee wengi huenda hivyo, ni maji tu. Halbadiri haikusomwa. Najikumbusha hivyo usiku na mchana, haikusomwa, kitabu kilifungwa, nilisikia mwenyewe kikifungwa. Lakini aliapa kwa kitu gani moyoni alipokuwa anasema lile neno, sijui, na sitajua.

Nimezeeka sasa. Handaki lipo, kwa sababu handaki halibebwi na punda. Juzijuzi serikali imeweka kibao, mahali hapa ni pa kale, ni marufuku kuchukua jiwe. Nilikisoma mara mbili nikataka kucheka. Akaja bwana mmoja wa serikali na kamba ya kupimia na daftari, akanikuta nafagia, akaniuliza maswali kwa adabu. Alikwenda pembeni mwa ukuta wa ndani, au pale ulipokuwa ukuta, akachutama, akageuza jiwe moja. Akaligeuza la pili, na la tatu. Akaita kwa furaha.

"Bibi, njoo uone! Masizi! Wadebuli walikuwa na jiko lao hapa!"

Miaka yote ile, na jasho lilinitoka kama siku ya mbiu. Alikuwa anapitisha kidole chake kwenye kamba iliyosokotwa, na kidole, naapa, kilitoka cheusi.

"Ndiyo, bwana," nikasema. "Walipika hapa."

Akaandika. Alipokwisha kuondoka nilisubiri mpaka simsikii tena. Halafu nikapiga magoti, chini ya kile kibao kinachokataza, nikayageuza mafiga yangu moja moja, upande wa masizi ndani, kama baba alivyoyaacha.